Ramani Haina Mizani: Modeli ya Jengo Isafiri na Mzigo Wake

Leo tuweke kando simu na tovuti, tuongee kuhusu majengo. Usikimbie, bado ni mambo ya programu, na yanamgusa mtu anayelala ghorofa ya tano pale Pipeline, Umoja au Huruma kuliko habari nyingi za kompyuta tunazosoma kila siku.

Hoja yangu naitoa mapema ili asiyetaka kusoma yote aichukue aende zake. Ofisi zinapopeana modeli ya jengo, mara nyingi hupeana umbo tu na kuacha mzigo. Kazi ikiisha, hata hiyo modeli hufungiwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja na kinachobaki ni karatasi. Mimi nasema kibali cha ghorofa kiambatane na modeli ya hesabu, tena katika faili ya wazi ambayo programu yoyote inaweza kuisoma.

MODELI MBILI, JENGO MOJA

Kwa asiyejua kazi hii inavyokwenda: msanifu huchora jengo kwenye programu kama ArchiCAD au Revit. Humo kuna kuta, milango, ngazi, madirisha. Mhandisi wa miundo naye ana programu yake, mathalani ETABS, Robot au Prokon, ya kukokotoa kama nguzo na mihimili itabeba. Programu hii ya pili haioni jengo kama unavyoliona wewe. Kwake nguzo ni mstari, mhimili ni mstari, na pale mistari inapokutana ni nukta. Juu ya mistari hiyo anaweka uzito, kisha kompyuta inatoa jibu.

Sasa, kuhamisha jengo kutoka programu ya kwanza hadi ya pili ndiko kwenye mambo. Wauzaji wanakuonyesha kitufe kimoja: bonyeza hapa, modeli imefika upande wa pili. Kweli imefika, lakini angalia kilichobaki njiani.

Mfano wa kwanza ni kuta. Katika modeli ya msanifu, ukuta wa kugawa vyumba haubebi kitu, kwa hiyo programu nyingi hazimpelekei mhandisi ukuta huo. Mhandisi anatakiwa kukumbuka kuuweka kama uzito. Nyumba za kisasa za ofisini zina kuta nyepesi, kwa hiyo kusahau ni kosa dogo. Eastlands si hivyo. Kule tunagawa vyumba kwa mawe.

Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, ile kumi kwa kumi tunayoijua sote. Kwa kuwa kuta zinashirikiwa na majirani, kila chumba kina mita 6 za ukuta kama fungu lake. Ukuta una unene wa sentimita 15 na kimo cha mita 2.7, na jiwe tulipe tani 2 kwa mita moja ya ujazo. Hiyo ni karibu tani 4.9. Toa nafasi ya mlango, sema tani 4.5. Gawanya kwa mita 9 za mraba za sakafu: kilo 500 kwa kila mita ya mraba.

Linganisha na uzito wa watu na vyombo vyao. Kiwango cha Uingereza ambacho wahandisi wetu wamekitumia miaka mingi kinataka kilo 150 hivi kwa mita ya mraba kwa nyumba ya kuishi. Maana yake kuta ni zaidi ya mara tatu ya watu, vitanda, makochi na mitungi ya maji vikiwekwa pamoja. Modeli ikihama bila kuta hizo, na asiwepo wa kukumbuka, hesabu inafanywa kwa jengo jingine kabisa. Na hilo ni kwa ghorofa moja. Zidisha kwa saba.

Mfano wa pili ni nguzo. Ghorofa za chini nguzo ina kina cha milimita 400, za juu ikapunguzwa hadi 200 ili kuokoa simiti. Msanifu anataka uso wa nje uwe sawa, kwa hiyo nguzo ya juu inakaa ukingoni mwa ya chini. Kwa macho ni safi. Lakini mistari ya katikati sasa imepishana kwa milimita 100. Programu moja itasema mistari haikutani na kukataa kufanya kazi. Nyingine itaivuta kimyakimya ikutane, na jibu litatoka zuri. Kama nguzo ya juu inaleta tani 60, kupishana huko kwa mita 0.1 kunazaa msukumo wa tani-mita 6 unaotaka kuipinda nguzo ya chini. Kwenye modeli iliyonyooshwa kimyakimya, msukumo huo haupo. Kwenye jengo upo.

HILI LIMESHATOKEA

Usidhani natunga vitisho. Huko Hartford, jimbo la Connecticut nchini Marekani, paa la ukumbi mkubwa lilianguka alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978 kwa uzito wa theluji. Saa chache kabla, maelfu ya watu walikuwa humo wakitazama mpira wa kikapu. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Paa lile lilikuwa limekokotolewa kwa kompyuta, jambo la kujivunia wakati huo. Wachunguzi walikuta kwamba modeli ilichukulia vyuma vinakutana kwenye nukta moja na kwamba vile vya juu vimeshikiliwa katikati ili visijipinde. Katika viungo vilivyojengwa, vyuma havikukutana pale modeli iliposema, na vile vya pembeni havikushikiliwa ipasavyo. Kompyuta ilijibu sawasawa, ila swali lilihusu paa jingine.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaotangaza kwamba dawa ni modeli moja kubwa itakayotumiwa na kila mtu. Modeli ya umbo na modeli ya hesabu ni vitu viwili, na vibaki viwili. Kinachotakiwa ni uzi unaoziunganisha, ili nikiuliza mstari huu ni nguzo gani, nipate jibu.

FAILI YA WAZI IPO

Uzi huo umeshatengenezwa. Kuna muundo wa faili uitwao IFC, unaosimamiwa na shirika la buildingSMART, na tangu 2013 ni kiwango cha kimataifa nambari ISO 16739. Ni maandishi matupu, unaweza kuifungua hata kwa programu ya kuandikia barua. Kila kitu ndani yake, iwe nguzo, ukuta au mlango, kina kitambulisho cha herufi 22. Na ndani ya IFC kuna sehemu nzima ya hesabu za miundo: mistari, nukta, mizigo na mahali jengo linaposhikiliwa.

Tatizo ni kwamba ukibonyeza kitufe cha kutoa IFC katika programu nyingi, unapata maumbo tu. Sehemu ya hesabu haikuandikwa, kwa sababu wauzaji hawaoni faida. Wanapendelea kiunganishi chao wenyewe kati ya bidhaa zao, ili ukinunua moja ununue na ya pili. Programu nyingine hubadilisha vitambulisho kila unapotoa faili upya, na hapo uzi umekatika. Na faili zao za ndani je? Faili ya Revit iliyohifadhiwa kwenye toleo jipya haifunguki kwenye toleo la zamani. Jengo linatarajiwa kusimama miaka 50 na zaidi. Faili yake inazeeka kabla ya rangi ya ukuta.

KWA NINI EASTLANDS HASA

Kwa sababu majengo ya Eastlands hayatulii. Chukua Dandora. Mradi ulianza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: ploti 6,000, kila moja na choo na maji, mwenyewe amalizie kujenga anavyoweza. Wazo lilikuwa zuri, na ndani yake kulikuwa na ahadi kwamba nyumba itakua. Leo pita huko uone ghorofa zilivyopanda. Mwenye ploti akipata pesa anaongeza ghorofa, na hakuna wa kumlaumu kwa kutaka kodi zaidi. Swali ni nani atamwambia kama nguzo za chini zinaweza.

Kama kilichohifadhiwa ni picha ya ramani, hakuna wa kumwambia bila kuanza upya. Kama modeli ya hesabu ipo, mhandisi anaongeza ghorofa moja kwenye kompyuta na siku hiyohiyo anajua. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili vizuri: Git inakuonyesha mstari uliobadilika kati ya jana na leo. Ukiwa na faili mbili za IFC zenye vitambulisho vilevile, unaweza kupata orodha ya aina hiyo kwa jengo.

Kuna sababu nyingine. Kanuni mpya za majengo za Kenya zilianza kutumika tarehe 1 Machi 2025, zikichukua nafasi ya zile za 1968. Wahandisi wanahamia Eurocode kutoka BS 8110, ambayo Uingereza yenyewe iliiondoa 2010. Modeli unaweza kuikokotoa upya kwa kanuni mpya. Karatasi huwezi.

"LAKINI HAYO YALIYOANGUKA HAYAKUWA NA MHANDISI"

Nasikia hoja hii, na ina ukweli. Huruma, 29 Aprili 2016, jengo lililokuwa karibu na mto lilianguka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Viongozi walisema halikuwa na idhini. Kware, Embakasi, likaanguka jingine Juni 2017. Tassia, 6 Desemba 2019, wakafa watu wasiopungua 10. Faili ya IFC haimzuii mtu anayejenga usiku na fundi asiye na ramani, wala haigeuzi mchanga kuwa simiti.

Lakini fikiria kazi ya mkaguzi. Tangu 2015 serikali ina kitengo cha kukagua majengo, na kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na kuna kaunti. Mkaguzi akifika kwenye jengo lisilo na karatasi, anapima nguzo kwa futi, anagongagonga zege kujua nguvu yake, kisha modeli inajengwa kutoka sifuri. Hiyo ni kazi ya siku nyingi. Ikiisha, modeli ile inabaki kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza, kwa programu yake na leseni yake. Akija mwingine miaka mitatu baadaye, anaanza na futi tena. Kazi ngumu kuliko zote inafanywa mara mbili wakati wapangaji wanangoja kuambiwa wahame au wabaki.

NINACHOPENDEKEZA

1. Kibali kiombwe kwa faili mbili za wazi, moja ya umbo na moja ya hesabu, zenye vitambulisho vinavyolingana.

2. Ziambatane na ukurasa mmoja wa maandishi: ghorofa ngapi, kuta zina uzito gani, zege la nguvu gani, udongo unabeba kiasi gani.

3. Kila modeli ikihama, jumla ya uzito unaoshuka chini ya nguzo ilinganishwe na uzito uliopigwa kwa mkono. Zikitofautiana sana, kuna kitu kimeanguka njiani. Jaribio hili ni la dakika kumi na halihitaji leseni.

4. Modeli za ukaguzi zihifadhiwe mahali pamoja, zifikiwe na kaunti, Mamlaka na kitengo cha ukaguzi.

Mhandisi anayeogopa kuibiwa kazi yake ana haki ya kuogopa, kwa hiyo hifadhi hiyo isiwe ya umma. Na asiyemudu leseni aangalie IfcOpenShell, ambayo ni huria na bure, na inasoma IFC kwa mistari michache ya Python. Vijana wa programu mlioko Eastlands, kulinganisha faili mbili za jengo ni mradi mzuri wa kuanzia kuliko kutengeneza tena programu ya kuagiza chakula.

Wahandisi mnaosoma hapa, kama hesabu yangu ya kuta ina kasoro nikosoeni kwa namba. Maoni yako wazi hapo chini.