Saruji Moja, Maana Mbili

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al Ajaib, ile iliyobeba mnara wa saa, iliporomoka huku jengo likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki dunia. Jumba hilo la Sayyid Barghash, lililokamilika mwaka 1883, lilikuwa limekwisha kutoa dalili, kwani mwaka 2012 sehemu ya roshani zake ilianguka. Hatukusudii kurudia hapa hukumu za nani alikosea. Tunataka kuzungumza juu ya majumba mengine ya Mji Mkongwe, yale yasiyo na mnara wala jina, ambayo huanguka kipande kwa kipande bila ya kuandikwa na gazeti lolote. Na tunataka kuuliza kwa nini elimu tuliyo nayo katika vyuo vyetu haiyafikii.

Ukuta wa nyumba hizo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe ni mawe yale yale yaliyochomwa mpaka kufikia kiasi cha nyuzi 900 za sentigredi, yakatoa hewa yake ya ukaa, kisha yakazimwa kwa maji. Ikishapakwa ukutani, chokaa hiyo huivuta tena hewa ile ile kutoka angani, kidogo kidogo, na kugeuka jiwe kwa mara ya pili. Kazi hiyo huchukua miezi, na katika ukuta mnene huchukua miaka. Kwa kuwa ina vinyweleo, hupokea unyevu wa ardhini na chumvi ya bahari na kuutoa tena nje jua linapopiga.

Sasa aje mkandarasi aliyepewa siku tisini. Atakwangua lipu ya zamani iliyobomoka na kupaka saruji ya mfuko, ile inayochomwa kiwandani kwa joto la kiasi cha nyuzi 1,450. Lipu mpya hukauka haraka, hung'ara, na afisa huja akatia sahihi. Lakini lipu hiyo ni ngumu kuliko ukuta iliouvaa, na haipitishi maji. Unyevu uliokuwa ukitoka hubakia ndani, hupanda juu kutafuta njia, chumvi huganda nyuma ya lipu na kulisaga jiwe, na vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani hukaa katika maji mpaka vikaoza. Siku dari inaposhuka, lawama huangukia ukongwe wa nyumba.

Mambo haya wahandisi wanayajua, na si siri. Tatizo letu sisi linaanzia katika neno. Mkataba unaposema "saruji", unasema nini? Leo sote tunaelewa unga wa kijivu wa mfukoni. Lakini neno hilo ni kongwe kuliko unga huo. Lilitufikia kutoka Uajemi na Uarabuni, na wazee walilitumia kwa mchanganyiko wa chokaa. Ng'ambo ya pili ya bahari, katika Oman, saruji mpaka leo ni udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa, nao ndio uliosakafia mifereji ya aflaji ambayo mitano kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Udongo huo uliochomwa huifanya chokaa iweze kushika hata ndani ya maji. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos wameuchukua maabarani wakaupima nguvu zake, na matokeo yake wameyachapisha. Ndugu zetu hao walikuwa na kitu na jina lake pamoja. Sisi jina tumelibakisha, kitu tumekibadilisha, na hatukuona kwamba limetendeka jambo.

Hapa ndipo tunaposema kwamba mtaalamu wa lugha ana kazi katika jengo linalokarabatiwa sawa na mhandisi. Fundi mzee anapotaja niru, anataja chokaa laini ya kumalizia ukuta, wala si rangi nyeupe ya kopo. Anaposema kutomea, ana maana ya kuziba nafasi baina ya mawe makubwa kwa vijiwe na chokaa kabla ya kupaka, hatua ambayo ikirukwa lipu haina pa kushika. Miti ya mikoko nayo ilikuwa ikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kupangwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hilo ni jedwali la vipimo lililo kamili, ila limehifadhiwa vichwani. Upana wa vyumba vyetu vya zamani ulifuata urefu wa boriti. Anayeandika "mbao" katika mkataba, kwa kudhani kwamba mti ni mti, amekwisha kubadilisha hesabu ya nyumba nzima bila kujua.

Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na kazi hiyo tunaiheshimu. Lakini kamusi humpa msomaji maana ya neno. Haimwambii fundi ni sehemu ngapi za mchanga kwa sehemu moja ya chokaa, wala haimwonyeshi mkono unavyokwenda. Maarifa hayo hukusanywa juu ya jukwaa la ujenzi, fundi akiwa na mwiko mkononi, na anayeyakusanya lazima awe pamoja na mtu wa kuchukua kipande cha chokaa hiyo hiyo kwenda kukipima.

Si jambo geni katika mji huu. Edward Steere, aliyetoa kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka 1870, ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini ulioanza mwaka 1873 pale palipokuwa soko la watumwa, na paa lake la mviringo lilifanywa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji. Inasimuliwa kwamba aliposafiri, wajenzi walisimamisha baadhi ya nguzo juu chini, na watembezaji wa wageni hupenda kuwachekesha watu kwa kisa hicho. Kama kweli kilitokea, sisi tungependa kujua waliagizwa kwa maneno gani.

Tukisema haya, hatutaki kujidanganya kwamba chokaa ikirudi nyumba zitapona. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya jamaa moja leo hukaliwa na jamaa kadhaa. Choo na mabomba vimepandishwa ghorofani, juu ya boriti ambazo hazikupangwa kubeba maji ya kila siku. Mwenye nyumba yuko ng'ambo, au nyumba ni ya wakfu, au ni ya Serikali, na mpangaji halipi kodi ya kutosha kutengeneza hata ngazi. Mpangaji huyo, akiona ufa, hununua mfuko mmoja wa saruji kwa fedha zake na kuuziba. Hakufanya ujinga, amefanya linalowezekana kwa mtu asiye na hakika kama mwakani atakuwemo humo. Mhandisi anayeandika ripoti juu ya unyevu bila ya kujua nani analala chumba gani, nani anachota maji wapi na nani anatakiwa kulipa, ameandika nusu ya ripoti. Nusu ya pili ni ya mtaalamu wa elimu ya jamii, ambaye kwa kawaida huletwa mradi ukiwa umekwisha, aje aulize wananchi kama wamefurahi.

Chokaa nayo ina gharama zake, na wanaoipenda wasizifiche. Tanuri zetu nyingi ni rundo la magogo lililopangwa wazi, mawe yakawekwa juu na kuwashwa. Moto mwingi hupotea, na kuni zinazoliwa ni nyingi katika kisiwa ambacho misitu yake ni midogo. Ni haki ya watu wa misitu kulalamika. Tanuri lenye kuta, linalohifadhi joto, si elimu ya ajabu, na hapo ndipo tungetaka mhandisi wa vifaa aanzie kazi yake.

Tangu 1985 tunayo Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Tunacho Chuo Kikuu cha Taifa. Tunalo Baraza la Kiswahili. Tunayo Kamisheni ya Wakfu. Mwanafunzi wa kigeni huja, hukaa miezi sita, humhoji fundi wetu, na kazi yake huwekwa katika maktaba ambayo fundi huyo hataingia, kwa lugha asiyoisoma. Hatumlaumu mgeni. Tunawauliza wahusika wetu kwa nini nyumba moja tu ya Serikali, miongoni mwa zitakazotengenezwa, isifanywe darasa la pamoja la vyuo hivi: fundi mzee awe mwalimu mwenye kulipwa, vijana wawe chini yake, mhandisi apime, mtu wa lugha aandike, mtu wa jamii akae na wapangaji, na ripoti itoke kwa Kiswahili na isomwe barazani mbele ya waliohojiwa.

Jambo la mwisho ni la wakubwa wa idara peke yao. Mwaka wa fedha huisha Juni, na chokaa haijui Juni. Kazi inayolazimishwa kwisha kabla ya hesabu kufungwa itafanywa kwa saruji ya mfuko hata mkataba ukisema vingine. Basi kabla ya mikataba ijayo kuandikwa, tungependa kuona neno "saruji" likifafanuliwa ndani yake: ni ya kiwandani au ni ya chokaa, na kama ni ya chokaa, imelala shimoni siku ngapi, na fundi ameruhusiwa siku ngapi za kuingoja.