Kabla ya kuuza sauti yako, soma mkataba

Wewe unayeota kuigiza, acha kuuliza kama akili unde itatupokonya kazi. Uliza nani atamiliki sura yako. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma siku 118, na dai lao moja lilikuwa hili: studio isiunde nakala ya mwigizaji kwa kompyuta bila idhini wala malipo. Wakapata. Lakini wale wana chama chenye nguvu. Wewe wa Riverwood una nani?

Hapa kwetu unaitwa kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia ya kigeni, unalipwa ya siku, unatia sahihi karatasi ambayo hujaisoma. (Na nani husoma akiwa hana nauli?) Kumbe ndani mna kifungu kinachoruhusu sauti yako itumike milele, kwa njia yoyote. Programu za siku hizi zinahitaji rekodi fupi tu kuiga mtu. Kesho unajisikia kwenye tangazo, na mfukoni huna kitu.

Sipingi teknolojia, jamani. Inawapa wasio na pesa mandhari ambazo zamani zingegharimu mamilioni. Ila uliza: sauti hii itafundisha mashine? Kwa muda gani? Kwa pesa ngapi? Wakijibu kwa mdomo tu, waambie waandike.