Papa Shilingi, Papa Potwe na Kizimba cha Kiingereza

Katika semina zetu kuna dai linalorudiwa mara kwa mara, nalo ni kwamba Kiswahili kina uhaba wa msamiati wa sayansi na kwa hiyo hatuna budi kukopa au kuunda. Makala haya hayapingi ukopaji wala uundaji wa istilahi. Hakuna lugha isiyokopa. Kinachopingwa hapa ni mazoea ya kukimbilia kuunda kabla ya kuuliza. Mfano nitakaoutumia huenda ukawashangaza baadhi ya wasomaji, kwa kuwa ni mfano wa papa, na hasa papa wanaotazamwa na watalii.

Wengi wetu tumeiona picha yenyewe kwenye runinga. Boti hutoka katika bandari ndogo ya Kleinbaai, karibu na mji wa Gansbaai nchini Afrika Kusini, ikiwa imefungwa kizimba cha chuma ubavuni. Mabaharia humwaga majini mchanganyiko wa damu na mafuta ya samaki, hutupa chambo kilichofungwa kwenye kamba, na watalii waliovaa nguo za mpira huingia kizimbani wakangoja. Papa mweupe, ambaye akipevuka aghalabu huwa na urefu wa mita nne au zaidi, huja akifuata harufu. Kizimba cha namna hiyo asili yake ni Australia, na anayetajwa sana kwa ubunifu huo ni Rodney Fox, mpiga mbizi aliyenusurika kifo baada ya kung'atwa na papa mwaka 1963. Filamu ya Jaws ya mwaka 1975 iliieneza hofu hiyo duniani kote, na hofu ni bidhaa inayouzika.

Haki itendeke. Afrika Kusini ndiyo nchi ya kwanza iliyomhifadhi papa mweupe kisheria, mwaka 1991, na utalii huo umewapa riziki watu wengi wa Gansbaai. Hata hivyo, tangu mwaka 2017 mizoga ya papa weupe ilipoanza kuokotwa ufukweni humo ikiwa imenyofolewa maini na nyangumi aina ya orka, papa hao wamekuwa wakiadimika kwa vipindi virefu, na mara nyingi wenye boti wamelazimika kuwaonyesha wageni papa wa aina nyingine. Kizimba kipo, chambo kipo, ila mgeni rasmi hatokei.

Je, sisi wa Afrika Mashariki tunahusikaje? Papa mweupe si mgeni kabisa katika bahari yetu. Mwaka 2000 jarida moja la sayansi la Afrika Kusini lilichapisha kumbukumbu za kwanza za kitaalamu za samaki huyo kutoka Mauritius, Zanzibar, Madagascar na Kenya. Ni msafiri wa kutisha: papa mmoja wa kike aliyefungwa kifaa cha kumfuatilia huko Gansbaai mwezi wa Novemba 2003 aliogelea hadi Australia, takriban kilomita 11,000, kwa siku 99, na kufikia Agosti 2004 alikuwa amerejea alikotoka. Lakini kwetu huonekana kwa nadra mno, na hakuna mwenye akili timamu atakayefungua biashara ya kizimba Malindi au Nungwi akimngoja. Bahari yetu ina papa mwingine wa kutazamwa, na huyo hahitaji kizimba.

Namzungumzia potwe. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, na waliopimwa wakubwa kabisa wamepita mita 15. Lakini chakula chake ni viumbe wadogo wanaoelea majini, mayai ya samaki, dagaa na uduvi. Mbele ya mji wa Kilindoni, kisiwani Mafia, potwe huonekana karibu na uso wa bahari hasa kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, yaani wakati bahari inapogeuka kutoka kusi kuingia kaskazi. Wengi wao ni madume ambao hawajapevuka. Watafiti waliowafuatilia tangu mwaka 2012 wamebaini kwamba wengi hawaondoki Mafia kabisa bali husogea kwenye maji ya kina zaidi msimu ukibadilika. Mtalii hupelekwa kwa boti, huvaa miwani ya kupigia mbizi, hujitosa na kuogelea kando ya mnyama aliye mrefu kuliko matatu. Sharti ni moja: asimguse wala asimzibie njia. Hakuna damu inayomwagwa wala chuma kinachomtenga mtazamaji na mtazamwaji. Potwe naye huwa hana habari naye, anafuata uduvi wake.

Uduvi huo huo ndio unaowaleta dagaa, na dagaa ndio wanaowaleta wavuvi wa Kilindoni na nyavu zao za kuzungusha. Kwa hiyo mara kwa mara potwe huzingirwa wavuni pamoja na dagaa, na wavuvi hulazimika kumtoa. Mvuvi wa Kilindoni, basi, amemwona samaki huyu kwa karibu na kwa muda mrefu kuliko mtalii yeyote. Anazijua nyakati zake, rangi ya maji anayoyapenda, na ndege wanaotangulia kumtangaza. Maarifa hayo ameyahifadhi kwa lugha gani? Kwa Kiswahili, tena Kiswahili ambacho sisi wenye shahada zake hatukijui.

Hapa ndipo ninapofikia kiini cha hoja yangu. Ukisoma habari za samaki huyu katika baadhi ya maandishi ya Kiswahili ya siku hizi, utakutana na jina «papa nyangumi». Aliyelibuni alilitafsiri jina la Kiingereza neno kwa neno. Matokeo yake ni samaki anayebebeshwa jina la mnyama anyonyeshaye, na mwanafunzi wa darasa la sita anayebaki akijiuliza kama kiumbe huyo ni papa au ni nyangumi. Watetezi wa jina hilo watasema kwamba linaeleweka Kisumu na Kigoma ilhali potwe halieleweki. Ni kweli. Lakini neno twiga nalo halikuwahi kueleweka na mtoto ambaye hajafundishwa maana yake. Maneno hufundishwa.

Fauka ya hayo, potwe si jina pekee. Katika pwani ya Kenya samaki huyu huitwa papa shilingi, kwa sababu mgongo wake umejaa madoa meupe ya mviringo. Kuna hekaya inayosimuliwa kwamba Mwenyezi Mungu alipomaliza kumuumba alipendezwa naye mno hata akawaamuru malaika wamtuze, nao wakammwagia sarafu za dhahabu na fedha kutoka mbinguni, nazo zikaganda mgongoni mwake. Huja juu ya maji, wasema wasimulizi, ili jua lizimulike sarafu zake, na hiyo ndiyo shukrani yake. (Mimi ninayeishi katika mtaa wa Fedha, Nairobi, mahali ambapo sarafu hazijawahi kumwagwa na malaika, nakiri kwamba hekaya hii imenivutia kwa sababu zisizo za kitaaluma tu.) Sasa tazama sayansi inavyokutana na hekaya: madoa hayo hayafanani kwa potwe wawili, na tangu mwaka 2005 watafiti wamekuwa wakiyatumia kumtambua kila mmoja kwa picha, kwa kutumia programu ya kompyuta iliyotoholewa kutoka kwa ile ya wanaastronomia ya kulinganisha nyota angani. Aliyemwita papa shilingi alikwisha kutambua kwamba madoa ndiyo utambulisho wake. Aliyemwita papa nyangumi hakutambua chochote; alifungua kamusi.

Tatizo haliko kwa wafasiri peke yao. Katika duka moja la kinyozi hapa mtaani runinga huwashwa kutwa, na vipindi vya papa weupe hupendwa karibu sawa na kandanda. Wateja wote, vijana kwa wazee, husema «shaki». Siku moja nilipotamka «papa», jamaa mmoja aliniuliza kwa dhati kama Baba Mtakatifu anakuja Kenya tena. Tulicheka, lakini tafakuri haikuniacha. Kwa Mnairobi wa kawaida, neno la Kiswahili la samaki huyu limehama bahari likahamia Roma, na samaki mwenyewe amekuwa kiumbe wa Kiingereza anayeishi ndani ya runinga, mwenye meno, damu na muziki wa kutisha. Hicho ndicho kizimba ninachokiogopa. Tunamtazama papa tukiwa tumefungiwa ndani ya lugha ambayo ilimfahamu kwanza kama adui.

Fasihi yetu haikumfahamu hivyo. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanakikumbuka kisa cha punda wa dobi, ambacho Edward Steere alikikusanya Zanzibar na kukichapisha London mwaka 1870. Kima na papa wanafanya urafiki; kima anakaa juu ya mkuyu unaotandaza matawi juu ya maji, naye humrushia papa matunda kila siku. Papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni, na katikati ya safari anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba mioyo yao huiacha mitini wanapotoka. Kisa hiki kina nasaba ndefu. Katika Panchatantra ya Kihindi rafiki wa majini ni mamba. Katika Kalila wa Dimna ya Kiarabu ni kobe. Kilipofika pwani yetu, msimulizi alimtoa kobe na mamba akamweka papa, na akamweka bila ya kumweleza. Hakuhitaji. Hadhira yake ilimjua papa kama jirani: mwenye tamaa, mwenye ujanja kiasi, anayeweza kuongopewa, na pia mwenye haya ya kumweleza rafiki yake ukweli kabla ya kumuua. Nadhani wahakiki wetu wamekishughulikia kisa hiki mno kwa upande wa funzo lake wakakisahau kwa upande wa ikolojia yake. Badiliko la mhusika mmoja linatuambia mengi kuhusu bahari iliyokuwa ikitazamwa na jamii hiyo.

Wala urafiki huo haukuwa wa ndoto. Papa aliliwa, na angali analiwa, mbichi na mkavu wa chumvi. Mafuta ya ini lake yalipakwa kwenye mbao za majahazi ili zisiharibiwe na maji na jua, na mafuta hayo yana jina lake mahususi: sifa. Ni wangapi kati yetu tunaoandika kila wiki kuhusu sifa za mhusika mkuu tunaolijua neno hilo kwa maana ya mafuta ya papa? Kuna pingusi, papa mwenye kichwa mfano wa nyundo. Kuna papa upanga, mwenye mdomo wa msumeno, ambaye sasa ameadimika pwani nzima kiasi kwamba vijana wengi wa uvuvi wanaweza kuzeeka bila ya kumwona. Samaki akitoweka, jina hukaa kizazi kimoja kwa wazee, kisha nalo hutoweka. Potwe mwenyewe aliwekwa mwaka 2016 katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo tunashindana na wakati mara mbili.

Mwaka 2013 ulizuka mpango wa kuwafungia papa shilingi ndani ya uzio wa nyavu baharini karibu na Waa, Kwale, ili watalii wawatazame bila ya kuwatafuta. Watetezi wa mazingira waliupinga na haukutekelezwa. Naona walifanya vyema. Jambo linalonisumbua ni kwamba sehemu ya mjadala ule niliyoweza kuisoma ilikuwa ya Kiingereza, pande zote mbili, ilhali bahari iliyojadiliwa ni ya wavuvi wasemao Kidigo na Kiswahili. Wakati huo katiba yetu ya mwaka 2010 ilikwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Samaki alinusurika kizimba, lakini wenye bahari walibaki nje ya mazungumzo.

Nitaulizwa: hayo yanamhusu nini mwanafunzi wa fasihi? Niliwahi kulipendekeza suala hili liwe mada ya tasnifu, nikaambiwa na mhadhiri mmoja kwamba majina ya samaki ni leksikografia, kwa hiyo nivuke ukumbi niende kwa wanaisimu. Wanaisimu nao waliniambia kwamba hekaya za malaika na sarafu ni fasihi, nirudi nilikotoka. Kwa heshima zote kwa walimu wangu, mgawanyo huo ni wa majengo yetu. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939 bado ni hazina ya majina ya mimea na viumbe wa baharini, hakumuuliza mvuvi kama jina analompa ni la idara gani. Alisikiliza lahaja kwa lahaja, akaandika. Tangu hapo tumepata vyama, mabaraza, kamisheni na Siku ya Kiswahili Duniani, na sijui ni wangapi kati yetu waliowahi kulala usiku mmoja kwenye dau.

Pendekezo langu kwa chama chetu si kubwa. Safari ya kila mwaka, ambayo kwa kawaida hutupeleka katika kongamano la chuo kingine kusikiliza makala kama haya, mara moja tu itupeleke kwa wavuvi. Tugawane pwani: wengine Kizingitini na Lamu, wengine Vanga, wengine Pemba, wengine Mafia. Twende na kinasasauti na picha za papa zisizo na maandishi, tuulize huyu nani, na anasimuliwa nini. Tukirudi, tuwape walimu wa shule za msingi orodha yenye majina na hekaya zake pamoja, kabla hatujaandika makala yoyote ya kitaaluma. Kaskazi huanza kuvuma mwezi wa Novemba au Desemba. Kutoka Nairobi ni basi hadi Dar es Salaam, kisha gari hadi Nyamisati, na kutoka hapo chombo cha kuvuka hadi Kilindoni.