Asiyerudi Wodini Si Lazima Amepona

Mgonjwa aliyelazwa Mchukwi kwa homa ya mapafu iliyosababishwa na virusi, kisha akaruhusiwa kurejea kwake katika visiwa vya delta ya Rufiji, husafiri kwa gari au pikipiki hadi Nyamisati, halafu kwa boti ambayo mara nyingi hungoja maji yajae. Kifua kikimbana tena siku ya tano, itampasa aifanye safari hiyo upya, kinyumenyume, akiwa hana pumzi. Kwa hiyo daftari la wodi likionyesha kwamba watu wa deltani hulazwa tena kwa nadra, pasiwe na haraka ya kufurahi.

Janga la UVIKO-19 lilitoa funzo katika jambo hili. Nchini Marekani, mwaka 2020, asilimia 9 ya walioruhusiwa walirudi hospitali ileile ndani ya miezi 2. Utafiti mwingine wa nchi hiyo, uliowafuatilia wanajeshi wastaafu kwa siku 60, uliwahesabu pia waliofariki: takriban asilimia 20 walilazwa tena, na asilimia 9 walikufa. Hatari ilikuwa kubwa zaidi katika siku 10 za mwanzo. Hospitali inayohesabu waliorudi peke yao huona nusu ya habari, na pale ambapo njia ni ya maji, huenda ikaona chini ya nusu.

Walio hatarini wanajulikana: wenye miaka 65 na zaidi, wenye kisukari, ugonjwa wa figo, moyo usiosukuma damu vyema au maradhi sugu ya mapafu, na waliokwisha kulazwa miezi michache kabla. Umri haubadiliki, na kisukari hakiondoki kwa wiki moja ya wodini. Kilicho mikononi mwa mhudumu ni saa ya kumruhusu mgonjwa, nayo ndiyo hupitishwa kwa wepesi mno. Oksijeni hupimwa mgonjwa akiwa amelala, ikaonekana inatosha. Atembezwe kwanza dakika chache, kisha apimwe tena. Ikishuka kwa asilimia 3 au zaidi, huyo bado hajawa tayari kupanda boti. Anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi apimwe makohozi, maana kifua kikuu hujificha vizuri nyuma ya jina la virusi.

Iko pia deksamethasoni. Dawa hii huwasaidia wagonjwa wa UVIKO-19 wanaohitaji oksijeni, kwa muda usiozidi siku 10. Mgonjwa aliyepata nafuu kwayo, akaendelea kuinunua dukani bila kuandikiwa, hupandisha sukari ya damu na kudhoofisha kinga yake, kisha hurudi na ugonjwa ambao hakuondoka nao. Onyo hilo lisemwe kwa maneno mepesi mbele ya ndugu anayemuuguza, kwa kuwa karatasi ya ruhusa mara nyingi husomwa na huyo, ikisomwa.

Wapo wanaosema kwamba wagonjwa wenyewe ndio wanaong'ang'ania kuondoka. Ni kweli, na wana sababu: gharama za kila siku, na mpunga usio na wa kuamia ndege. Lakini kumwita mtu huyo mkaidi hakumpunguzii hatari yoyote. Afadhali aulizwe, kabla ya kutia saini, atarudi kwa chombo gani iwapo atazidiwa usiku, na nani atamlipia nauli. Asiye na jibu aongezewe siku 2 wodini, hata kama kitanda kinatakiwa, na gharama zake zizungumzwe waziwazi pamoja na ustawi wa jamii.

Kisha apigiwe simu siku ya 3 na siku ya 7. Simu isipopatikana, kama inavyotokea sana deltani, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apelekewe jina lake kupitia zahanati ya kijiji. Zahanati hiyo ndiyo ijuayo nani amepona na nani amezikwa, na daftari lake lilinganishwe na la wodi kila mwezi.