Plafo ya nyumba mpya: tuanze na chumba cha watoto



Wiki hii tujibu swali lililotoka katika kikundi kimoja cha likelemba. Mama mmoja amemaliza kuezeka nyumba yake mpya, na sasa zamu yake ya kupokea feza imefika. Majirani wanamwambia: feza ikiwa kidogo, tia plafo saloni tu, wageni waione, vyumba vya kulala vitangoja. Anauliza kama shauri hilo ni zuri.

Jibu langu ni hili: ikiwa feza inatosha chumba kimoja tu, kiwe kile ambamo watoto wanalala. Mgeni anakaa saloni muda mfupi, anakunywa chai, anarudi kwake. Mtoto analala chini ya bati usiku kucha, kila siku ya mwaka.

Bati ni jembamba, linapitisha joto na baridi upesi. Ukiweka plafo, hewa inabaki katikati, na hiyo hewa inafanya kazi kama blanketi. Huku Butembo tuko mlimani, kwenye zaidi ya mita 1 700, na usiku ni baridi. Pumzi ya watu waliolala inapanda, inagusa bati la baridi, inageuka maji, na kabla ya kucha matone yanaangukia godoro. Wengine wanamgombeza fundi kwamba bati limetoboka, kumbe ni pumzi yao wenyewe.

Dada zetu wa Beni wako chini kwa mita 500 hivi, na taabu yao ni nyingine. Mchana bati linachoma, na jioni chumba bado ni moto, mtoto anajigeuzageuza bila usingizi. Tena mbu wanapita katika nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Plafo iliyofungwa vizuri inawazibia njia hiyo, lakini chandarua kibaki kitandani.

Sisi walimu tunajua na jambo la tatu: kelele. Mvua kubwa ikipiga bati, somo linasimama. Nyumbani ni vilevile: mtoto anasoma kwa sauti, mama hamsikii. Plafo inapunguza kelele hiyo.

Sasa hesabu. Tripleksi moja ina mita 2,44 kwa 1,22, ni karibu mita mraba 3. Chumba cha mita 3 kwa 3 ni mita mraba 9. Ukinunua tatu, hata zikikatwa vizuri, pembe moja inabaki wazi. Kwa hiyo nunua nne, pamoja na mbao na misumari. Sehemu kubwa ya ile ya nne itabaki, uitunze kwa chumba kinachofuata. Kama bei ni nzito, mkeka wa matete uliopigiliwa kwenye mbao unasaidia pia, na ni bora kuliko kulala chini ya bati tupu.

Mambo manne ya kumwambia fundi na watu wa nyumbani:

1. Waya za umeme zipite ndani ya mipira yake kabla plafo haijapigiliwa.
2. Chini ya ukingo wa paa, juu ya plafo, yaachwe matundu madogo yenye wavu, ili joto litoke na panya na popo wasiingie.
3. Msimwage unga wa mbao juu ya plafo ili kuongeza joto. Unashika moto upesi, na wadudu wanaupenda.
4. Jiko la makala lisiingie chumbani usiku, hata baridi ikizidi. Hewa yake ya sumu haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Chumba chenye plafo kimefungika zaidi, kwa hiyo hatari inaongezeka.

Mama, mwite fundi apime vyumba vyote, aandike bei ya kila kimoja peke yake. Likelemba hii iwe ya watoto. Saloni ingoje zamu nyingine.

Mwalimu wenu