Paka Wengi Nyumbani: Usafi Kwanza, Kufukuza Baadaye

Katika kata ya Bugomora, wilayani Kyerwa, kaya inayohifadhi mahindi na maharage ndani ya nyumba ina sababu nzuri ya kufuga paka watatu au wanne. Kwa hiyo ushauri anaopewa mjamzito mara kwa mara, kwamba awafukuze wote, ni mwepesi kuutoa na mgumu kuutekeleza. Tena hauendani na tabia ya kimelea chenyewe.

Kimelea hicho, toksoplazima, humpata paka anapokula panya, ndege au nyama mbichi. Hutoka katika kinyesi chake kwa wiki moja hadi tatu hivi, kwa kawaida mara moja tu maishani. Wengi hawajui kwamba mayai yaliyotoka leo hayawezi kumwambukiza mtu leo. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Anayezoa kinyesi kila siku amekwishaondoa sehemu kubwa ya hatari. Anayesubiri Jumamosi ameipa nafasi.

Paka wanne hawatoshelezwi na karai moja la mchanga. Kinyesi kitupwe chooni, na karai limwagiwe maji yanayochemka, kwani klorini haiyaui mayai hayo. Kazi hii aifanye mtu mwingine, si mjamzito. Akikosa msaidizi, avae glavu na kunawa kwa sabuni. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, na nyasi zinazotandikwa kwa desturi zibadilishwe mara kwa mara.

Paka asiye na karai hutafuta udongo laini, yaani bustani ya mboga. Hivyo, wahudumu wenzangu, tumuulize mjamzito kuhusu mchicha usiooshwa vyema na nyama isiyoiva kabla ya kumuuliza kama humpapasa paka.

Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, kimelea kilicholala huweza kuamka na kushambulia ubongo: kichwa huuma, degedege huja, upande mmoja wa mwili hulegea. Kotrimoksazoli anayopewa kliniki humkinga pia dhidi ya hili, jambo ambalo mara nyingi hatumwelezi.

Paka wachanjwe dhidi ya kichaa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha afike kituoni siku hiyohiyo.