Nyumba za bei nafuu zawaacha nje wakongwe wa Nairobi

RAIS William Ruto alipokabidhi nyumba 1,080 za kwanza za mradi wa Mukuru jijini Nairobi mnamo Mei 2025, familia zilizozoea vibanda vya mabati zilipokea funguo za nyumba za mawe zenye maji, umeme na choo cha ndani. Malipo ya kila mwezi yalitangazwa kuwa Sh3,900 kwa nyumba ya chumba kimoja na Sh5,350 kwa ya vyumba viwili.

Kijana anayefanya kibarua Eneo la Viwandani anaweza, kwa kujinyima, kuzimudu fedha hizo. Ajuza anayetegemea mpango wa Inua Jamii hawezi. Mpango huo huwapa waliotimiza umri wa miaka 70 Sh2,000 kwa mwezi. Hata akiamua kutokula wala kununua dawa za shinikizo la damu, bado atapungukiwa na Sh1,900 ili apate chumba kimoja. Isitoshe, fedha hizo zimewahi kucheleweshwa kwa miezi kadhaa mfululizo, ilhali kodi haina subira.

Tatizo haliishii kwenye bei. Nyumba hizo hutolewa kwa utaratibu wa mpangaji kulipa kidogo kidogo hadi awe mmiliki, na muda wa kulipa ni miaka 30. Mzee wa miaka 72 akianza leo, atamaliza deni akiwa na miaka 102. Hata mabenki, ambayo hayasifiki kwa huruma, yana busara ya kutomkopesha mtu wa umri huo. Kwa hakika, mzee hahitaji hatimiliki. Anahitaji paa juu ya kichwa chake kwa siku zake zilizosalia, kwa kodi ambayo haitamlazimu kuombaomba.

Kwa nini basi hakufikiriwa? Aghalabu watunga sera huamini kwamba mzee wa mjini ana shamba na boma kijijini, na kwamba akistaafu atarejea huko. Dhana hiyo ilikuwa na mashiko zamani. Leo, kuna Wanubi wa Kibera ambao vizazi vyao kadhaa vimezaliwa papo hapo. Kuna wajane walionyimwa ardhi na mashemeji, na kuna waliotimuliwa mashambani katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 wasirudi tena. Wapo pia nyanya wanaolea wajukuu walioachwa mayatima na Ukimwi, na ambao shule za watoto hao ziko Nairobi. Kuwaambia watu hawa warudi nyumbani ni kuwauliza swali wasilo na jibu lake.

Wengi wao walifanya kazi maisha yao yote kama mayaya, wachuuzi, mafundi na walinzi. Hazina ya NSSF, iliyoanzishwa mwaka wa 1965, kwa miongo mingi iliwalipa wanachama wake kitita mara moja badala ya pensheni ya kila mwezi, na wafanyakazi wa sekta ya juakali wengi hawakuwa wanachama kamwe.

Kwingineko njia imepatikana. Marekani ina mpango wa tangu mwaka wa 1959 unaogharimia majengo ya kupangisha kwa wazee wa kipato cha chini wenye miaka 62 na zaidi. Mpangaji hulipa takriban asilimia 30 ya mapato yake, yawe mengi au machache. Foleni zake ni ndefu mno, lakini kanuni ni sahihi: kodi hufuata mfuko wa mzee. Singapore nayo huwauzia walio na miaka 55 na zaidi nyumba ndogo kwa mkataba wa kati ya miaka 15 na 45, mradi umfikishe mnunuzi umri wa miaka 95, hivyo halipii miaka ambayo hataiishi.

Kenya haikosi msingi wa kisheria. Kifungu cha 57 cha Katiba kinawahakikishia wazee maisha yenye heshima na msaada wa kadiri kutoka kwa familia na serikali, nacho cha 43 kinataja haki ya makao bora. Fedha pia zipo: Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri kutoa kiasi kama hicho. Kutenga sehemu ya nyumba za kila mradi ziwe za kupangisha wazee maishani, kisha zirudi kwa umma wapatie wengine, kungehitaji uamuzi tu.

Lipo jambo jingine ambalo halingegharimu hata senti. Mitaani Pipeline na kwingineko Eastlands, majengo mengi ya kukodisha hupanda ghorofa sita na zaidi bila lifti, na mkongwe wa magoti mabovu hushinda siku nzima ndani kwa kuhofia ngazi. Katika miradi ya serikali, vyumba vya chini vingeweza kutengewa wazee na walemavu kabla ya mgao kuanza.